Bila Lumbesa

Mama Damari, nimeambiwa niseme machache.
Mwenye kipaza sauti amenipa dakika tatu.
Wewe ungenipa mbili.

Waliotangulia hapa wamekujaza mpaka juu,
wakakushonea kilemba cha kamba,
wakasema hukuwahi kukasirika, hukuwahi kukosea,
nami nikakuona ndani ya sanduku lile
ukipapasa kutafuta kijiti chako cha mninga
ukipitishe ukingoni, ziada imwagike.

Basi nakupima kwa debe lako.

Ulikuwa mkali. Ulikuwa bahili wa misumari:
iliyopinda tuliinyoosha jioni kwa jiwe, mmoja mmoja.
Chai yako ilikuwa maji yaliyosikia habari za majani.
Ulinikata posho ya siku nzima
kwa gunia moja la alizeti lililonyeshewa.
Na Kibaigwa mvua ikishuka, nani hukumbuka gunia?
Wote tulitoka nje tumepanua mikono.
Wewe peke yako ulikimbilia ghalani.

Hayo ni yako. Sasa naongeza.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mali yangu shingo.
Nilibeba gunia la kilo mia
lenye mimba ya kilo arobaini,
limefungwa kichuguu cha wavu juu.
Mkulima alilipwa la mia, nami nililipwa la mia,
na zile arobaini zilisafiri bure hadi Dar es Salaam.
Tulidhani ndiyo desturi.
Tulidhani Mungu ndiye aliyeyashona.

Ukaja na mizani ya kuazima kutoka Mpwapwa,
ukaitua getini, ukavuta kigoda, ukakaa.
"Halipiti."
Malori saba yakapanga foleni mpaka barabara kuu.
Madereva wakakutukana kwa Kiswahili,
kilipowaishia wakahamia lugha za kwao.
Usiku mtu akavunja vioo vya ghala.
Wanunuzi wakakususia msimu mzima,
alizeti yako ikaota ukungu,
Nyemo wako akarudishwa nyumbani kwa kukosa ada.
Asubuhi ulikuwa pale, kigoda kile kile,
na kipande cha ugali wa uwele ndani ya kitambaa.

Sijui nani alichoka kwanza.
Najua tu kwamba Agosti ile niliinama, nikatwishwa gunia,
nikasimama nalo,
na lilikuwa gunia.

Ukagombea udiwani.
Ukatupa choo cha soko chenye mlango unaofungwa kwa ndani;
wanaume walicheka, waulize wauza karanga.
Ukatupa bomba la pili.
La tatu uliahidi, halikufika, na sikufichii.
Muhula uliofuata walikunyima kwa kura kumi na moja.
Kesho yake, saa kumi na mbili alfajiri, ulikuwa getini
ukiuliza kwa nini mizani haijafutwa vumbi.

Leo mashine yako imenyamaza.
Wanawake watatu wametoka Pandambili na mahindi kichwani,
hawana habari.
Wamesimama mlangoni wakiusikiliza ukimya,
kisha wakatua ndoo zao pale pale, bila mlinzi,
wakaja huku na vumbi lao la njiani.

Dakika zangu zimekwisha, namwona mwenye kipaza sauti.

Vijana wamechimba tangu usiku.
Udongo wetu huu unajua kulikataa sururu.
Sasa wanaurudisha, na unajua tena, Mama,
udongo hauingii wote ulikotoka.
Hubaki. Hupanda juu ya ukingo,
hufanya kichuguu.

Nyemo ameshika kijiti cha mninga.
Anaitazama ile ziada.
Tunamtazama.

Hakipitishi.