Ukakasi

Usiuite uraka, ananionya mama mdogo Esha Nandonde.
Uraka hunywewa siku ya tatu, povu likiwa bado na kelele,
na jioni yake watu wanadaiana korosho za kangomba
ambazo hata kudondoka hazijadondoka.
Huu ni mvinyo. Huu umekaa.

Nami nakaa, kigoda kifupi, magoti kidevuni,
Kitangari, mwezi wa sita,
baridi ya uwanda imenifika kwenye kucha.

Mabibo aliyakamua Oktoba, mekundu na ya njano pamoja,
yale tunayoyaacha kwa nzi chini ya mikorosho
kwa kuwa mnunuzi anataka kokwa,
tunda hana habari nalo.
Korosho ikaenda ghalani, ikapewa stakabadhi.
Bibo likaenda mtungini, likapewa giza.

Mitungi mitatu, imezikwa hadi shingoni nyuma ya jiko,
midomo imefungwa kwa jani la mgomba na tope lililokauka.
Anagonga tope la kwanza kwa ukucha
kama anayebisha hodi kwa mkwe.

Mimi ni karani wa mizani, chama cha msingi.
Nimezoea madaraja: la kwanza, la pili, chini ya kiwango.
Nimekuja na daftari.
Anaitazama kalamu yangu, hasemi kitu, anachota.

Usimeze upesi. Uache ulimi ubishane nao.

Utamu kwanza, wa kinafiki, wa mgeni anayesifia watoto.
Kisha ukakasi, ule wa bibo tangu utotoni,
unaokunja mashavu kama kitambaa kilicholowa,
lakini umezeeka sasa, hauumi, unashika tu.
Halafu mvua.
Naapa, mvua ya kwanza juu ya vumbi,
harufu inayowatoa wajawazito nje wakamegue ukuta.
Udongo wa bondeni, anasema,
kule tulikoshuka na ndoo alfajiri
tukarudi na maji jua likiwa utosini.
Naandika: la kwanza.

Wa pili ni udongo wa Ruvuma, mweusi, wenye mchanga.
Ulichomwa siku ya upepo, ubavu mmoja haukuiva,
ukatoka jasho miezi yote minane.
Theluthi imenywewa na ardhi.
Ardhi nayo ina koo, anasema Esha.
Kilichobaki ni kizito, kina moshi,
kina kitu cha ufuta uliokaribia kuungua,
na chumvi kidogo, sijui ya nani.
Nauliza: hasara haikukuuma?
Anajibu: wewe wa mizani, onja tena.
Naonja tena. Sijaandika.

Wa tatu aliufinyanga mama
mwaka ambao macho yake yalikuwa yanamuaga.
Mdomo umekwenda upande.
Pana alama ya dole gumba palipokuwa pa kulainishwa;
hakupaona, au alipaona kwa kidole akaridhika.
Tumeuacha wa mwisho makusudi, bila kuambiana.
Esha anapangusa kata kwa ncha ya kanga, mara mbili.

Nilikuwa nimeandaa uso wa kulia.

Siki.
Siki tupu, kali, inayopanda puani,
inayofumba jicho moja na kufungua sikio.
Nikakohoa. Esha akaonja, akatema pembeni, akanitazama,
na kicheko kikamtoka kifuani kabla ya neno:
Dada yangu huyo! Lini alimbembeleza mtu?

Tulicheka mpaka kuku wakahama jikoni.

Nimerudi Mtwara mjini na nusu chupa.
Naikatia vitunguu na pilipili mbichi,
wanangu wanakunja nyuso, wanaomba tena.
Kwenye daftari mstari wa tatu una doa tu,
la kikombe.

Mtungi Esha hakuuosha.
Aliufukua, akauinamisha juu ya mawe ya figa,
akaingia ndani kutafuta kiberiti.
Nikabaki nao. Tone moja lilining'inia pale penye dole,
likachukua muda wake.