Mfasiri wa Mwena

Kibanda cha video cha Lutaaya, hapa Mwena, kisiwani Bugala,
kina mabenchi tisa na paa linalovuja upande wa wanawake.
Ijumaa ile jenereta lilikohoa mara mbili, likakubali,
na kwenye kioo wakatokea mijitu yenye magitaa,
leso kiunoni kama mama zetu,
michoro ya wino imewapanda kutoka gotini hadi kusikoonekana.
"Hao si wacheza raga?" akauliza Wabwire.

Haikuwa filamu. Lilikuwa tamasha,
limekuja kutoka Kampala ndani ya flashi
katikati ya ngumi za Wachina,
na Lutaaya hakuwa amelitazama.
Lakini watu wameshatoa mia tano mia tano,
na mfasiri hana ruhusa ya kusema sijui.

Akashika maiki.
Siku nyingine hutafsiri kwa Kiganda.
Ijumaa ni mshahara wa michikichi:
mabenchi yamejaa Walugbara, Wasamia, Wakiga,
na fundi viatu mmoja wa Kinyarwanda,
kwa hiyo alitoa Kiswahili chake cha kambini,
alichorithi kwa baba yake pamoja na koti,
vyote viwili vimechakaa viwikoni.

"Anasema kwao pia ni kisiwa.
Anasema maji yamekula shule,
yamekula kaburi la bibi yake, sasa yanamtazama yeye.
Anasema, nyinyi wa bara, mnaotuuliza tunahama lini,
nyinyi mlihamia wapi mlipozaliwa?"

Hakuna aliyecheka.
Mwaka ule Nalubaale alikuwa ameingia bila hodi.
Jikoni kwangu alifika magotini,
sufuria zikaelea kama bata,
na mimi, mkaanga rolex, nikakaangia juu ya kitanda.
Kibanda hiki chenyewe ni cha pili.
Cha kwanza kiko chini huko,
kambare wanaingia bure.

Gitaa likapanda, likalia kama msumeno uliokuta msumari,
Lutaaya akapanda nalo, mishipa ya shingo nje,
"Anasema! Anasema!"
hata pale yule mtu alipokuwa akivuta pumzi tu.
Drajiru, mvuna chikichi, asiyezungumza hata akilipwa pungufu,
alisimama juu ya benchi, benchi likavunjika,
akaendelea kusimama.

Mwezi haukuisha, tukawa na bendi.
Gitaa la mti wa fenesi, nyuzi za breki ya baiskeli,
spika ya redio ya marehemu,
Wabwire na jerikeni zake tatu, moja bado inanuka mafuta ya taa.
Wakajiita Maji Jikoni.
Jina hilo ni langu, na sijalipwa.
Waliimba maneno ya Lutaaya, neno kwa neno,
na watu walivuka kutoka Bukasa kuja kuyasikia.

Kisha akaja kliniki Sista Imelda,
aliyetibu watu Samoa miaka kumi na mmoja.
Akasikia, akaomba aonyeshwe wenyewe.
Akakaa benchi la mbele, mkoba mapajani,
akaanza kucheka hadi akavua miwani.

"Mwanangu, huyu anaimba habari ya viatu.
Aliazima viatu vya kaka yake aende dansi.
Kaka anavidai. Ndiyo hiyo tu, beti zote nne."

Jenereta peke yake ndilo lililosema.
Drajiru alilitazama gitaa lake
kama baba aliyenong'onezwa na jirani.

Lutaaya akajikuna shingo.
"Vilirudi?"
"Havikurudi."
"Vililowa?"
Sista akarudisha wimbo nyuma, akasikiliza,
akarudisha tena, kichwa upande, kama anayepima mapigo ya moyo.
"Hajasema," akajibu polepole.
"Wala hajasema kwamba vilikuwa vikavu."

"Basi," akasema Lutaaya,
na akapuliza maiki kuondoa vumbi.