Usukani

Kadenge wa Mwembe Tayari hakuinua kichwa:
"Breki za vyuma? Hizo zilikufa na wenyewe."
Akanipa usukani wa alumini,
mwepesi kama deni la mtu mwingine.
Nikaurudisha.

Shimanzi, chuma chakavu hupimwa kwa kilo.
Nilifukua hadi adhuhuri:
spoku, pedeli, kengele isiyo ulimi.
Mwenye mizani akanipungia mkono:
hukupata kitu, hulipi.

Kisha Majengo, uani kwa Bi Mwanasha, nikauona,
umepigiliwa ukutani, umeanikiwa leso mbili na taulo.
Pembe pana, nikeli imebanduka,
mkono wa breki ungali unacheza.
"Wa marehemu," akasema.
"Nikikupa, nguo nitaanika wapi?"

Nikarudi na kamba ya katani, misumari sita
na nusu kilo ya halua.
Halua ndiyo iliyosema.

Sasa baiskeli ya baba imenyooka.
Lakini ule wake ulipinda kushoto
tangu alipoukumba ukuta kule Makupa,
na mikono yangu ilisomea kosa lile.

Njia nyeupe, usukani sawa,
mimi ndiye ninayekwenda upande.