Kata

Sauna haijawashwa tangu tumzike mama.
Mawe yake tuliyatia kwenye ndoo, nyuma ya banda,
yakanyeshewa, kisha yakafunikwa na theluji.
Nilipomwomba baba chumba kile
niweke vyombo vyangu vya kurekodia
alitazama dirishani kitambo kirefu, akauliza:
"Na meza?"
Nikasema nimeiona moja mjini Lahti, euro mia tisa.
Akacheka kwa pua.
Tangu Novemba sikuwa nimemsikia akicheka kwa kiungo chochote.

Kesho yake, juu ya gari: mbao mbili za plaiwudi,
milimita kumi na nane,
matabaka kumi na matatu ya mbetula,
moja limelala kwa urefu, linalofuata kwa upana,
yasije yakakubaliana kupinda.
"Ndivyo yanavyodumu," alisema. "Kwa kubishana."
Sikuuliza kama anazungumzia mbao.

Miaka thelathini na mmoja alisimama kiwandani
mbele ya mashine inayomenya magogo
kama mtu amenyavyo chungwa, ganda refu lisilokatika.
Kelele ile ikamla masikio, ikaanza na sauti nyembamba.
Ndege wote wa Mei ni mabubu kwake.
Lakini mpe ubao: ataugonga kwa kifundo cha kidole,
polepole, kama tabibu kifuani pa mgonjwa,
mpaka asimame ghafla.
"Hapa pana pengo. Ndani. Tabaka la tano, au la sita."
Mimi sikusikia kitu,
mimi ninayelipwa kusikia.
Tukapasua pale. Pengo lilikuwepo, jembamba kama ukucha,
katika tabaka la saba.
"Nimezeeka," alisema, akapuliza vumbi.

Mchoro niliuchora nyuma ya risiti ya duka la dawa:
upana wa kinanda, mwinamo wa spika,
tundu la nyaya, inchi kumi na tisa za rafu.
Akaugeuza risiti juu chini, akasoma bei ya dawa za mama,
akaugeuza tena.
Penseli sikioni, msumeno tayari.
"Kata," aliniambia.
Nami, mjinga, nikainua macho ukutani
ilikoning'inia kata ya mama, ile ya shaba,
aliyochotea maji ya kumwagia mawe.
Akaona ninakotazama.
Msumeno ukanguruma bure hewani
kisha akauzima.

Siku ile hatukukata tena.

Yaliyofuata ni gundi, msasa, skrubu mia moja na nne
(mbili nilizipinda, moja imo ndani hata leo),
na ugomvi wa siku mbili juu ya kona moja
niliyoipima kwa futi ya mshonaji.
Jirani yetu Raili alileta mkate wa shayiri, akasema
ni jeneza zuri.
Hakuna aliyemjibu. Mkate tuliula.

Kwenye nguzo za spika baba aliacha uwazi.
"Muziki wako unataka uzito," alisema,
akatoka, akarudi na ndoo.
Mawe alikuwa ameyakausha juu ya jiko usiku kucha,
moja moja, kama viazi.
Akayapanga ndani, kushoto na kulia,
na katikati yao akamimina mchanga wa barabarani,
ule wa kumwaga kwenye barafu,
kwa sababu mawe peke yake yangelia.
Akafunika. Akagonga. Akagonga tena chini zaidi.

Jioni nilikuwa nimepiga magoti chini ya meza
natafuta soketi. Yeye yuko juu,
kiganja kimetandazwa kwenye ubao, macho yamefumbwa.
"Hii ni sauti nzuri," alisema. "Nene. Usiibadilishe."
"Sawa, baba," nikasema,
waya bado umo mkononi mwangu.