Waya wa Tatu

Hsinchu, mji wa upepo,
na Jui-hung kafunga madirisha
aunge upepo wake kwa skrubu.

Mbele feni mbili zivute, nyuma moja iteme.
Ya nyuma aliigeuza: hewa ikagombana na hewa,
prosesa ikapanda hadi nyuzi themanini na tisa.
Akajicheka, akafungua upya.

Waya mweusi na wa njano, huo ni umeme tu.
Wa bluu hubeba amri: polepole, haraka, polepole.
Wa kijani hauamrishi mtu. Hurudi na jibu:
nazunguka, mara mia nane kwa dakika.

Kwenye skrini anachora mstari unaopanda.
Chini ya hamsini, nong'ona.
Ukifika sabini, nguruma upendavyo.
Saa saba usiku anaushusha tena, kidogo,
na tena,
akitafuta kimya cha kupenya ukuta.

Mama hajatamka neno tangu kiharusi cha Machi.

Feni zinashuka, zinashuka,
mpaka sauti ya jokofu jikoni inasikika.
Kisha ukutani: ngo, ngo.

Mara mbili ni maji.
Anaacha kasha wazi, skrubu nne sakafuni,
anakwenda na kikombe.