Njia Nyepesi ya Haukilampi

Nimeandika nyuma ya bahasha ya bili ya umeme:
basi la saa nne kasoro robo,
tushuke kituo cha pili baada ya kiwanda cha mbao,
si cha kwanza, cha kwanza kina mtaro.
Kisha nikalifuta neno "mtaro".
Saimi hapendi kuonewa huruma,
hata kwenye karatasi asiyoweza kuisoma.

Ni mzunguko mfupi. Watoto wa chekechea
huumaliza kabla uji wao haujapoa.
Lakini mwaka huu macho ya Saimi yamebakiza kingo tu,
katikati ya kila kitu pamejaa moshi.
Akinitazama usoni huona masikio.
"Irja," husema, "masikio yako yamezeeka vizuri."

Basi jana nilikwenda peke yangu kuipima njia.
Penye kibao cha rangi ya chungwa nikafumba macho,
nikatanguliza bakora ya marehemu Urho.
Hatua mia na arobaini za changarawe.
Kisha sindano za misonobari, na miguu ikanyamaza.
Nikaandika: hapa sauti inakwisha, asishtuke.
Kisha mizizi, imejinyoosha njiani
kama wageni waliolala sebuleni baada ya harusi,
huyu juu ya huyu.
Nikaandika: tuizunguke kwa juu, penye mibetula.

Nilifumbua jicho moja. Naungama.
Nikalifumba tena.

Bwawa lilijitambulisha kwa pua kwanza:
chuma, chai iliyolala, majani ya mwaka juzi.
Kisha ubaridi kwenye shavu la kushoto, la kushoto tu,
kama mtu amefungua mlango wa ghala.
Kisha daraja la mbao, na hatua zangu zikapata tumbo,
du, du, du, juu ya maji nisiyoyaona.
Ubao wa tisa umelegea.
Ubao wa tisa, Saimi, unapiga kelele
kama binamu yako Hilja akidai deni.
Nilikuwa bado naucheka wa tisa
nilipoukosa wa kumi.

Goti zima. Tope jeusi, vuguvugu juu, barafu chini,
likaninyonya kiatu bila haraka yoyote.
Bata wawili wakaondoka wakinung'unika.
Nikakaa pale, mwanamke wa miaka sabini na miwili,
mguu mmoja Juni, mguu mmoja Machi,
macho wazi, nikalia kidogo.
Si kwa ajili ya kiatu.
Mbu hawakujali. Walikula.

Nikaandika kwa penseli yenye tope: daraja, hapana.
Benchi la kwanza, kahawa. Skonzi za iliki.
Turudi kwa njia ileile. Dakika arobaini, jumla.
Mpango mwepesi, mkavu, hauna pa kukosea.

Usiku nikampigia simu, nikamsomea bahasha yote,
changarawe, sindano, mibetula, benchi.
Akanyamaza kama mtu anayehesabu chenji.
"Na maji?"
Maji tutayanusa kutoka benchini.
"Irja. Umeanguka wapi?"
Nani kakwambia nimeanguka?
"Unachechemea mpaka kwenye simu."

Nikamweleza. Ubao wa tisa, ubao wa kumi, bata, kiatu.
Kilio nilikiruka.
Alicheka mpaka akakohoa, akaomba nirudie ya bata.
Kisha akasema, taratibu,
kwamba daraja hilo alilivuka akiwa na miaka sita,
na samaki kwenye ndoo, usiku,
wala hakuna aliyemwandikia bahasha.

Sasa ni saa tatu. Themosi imejaa.
Nimefuta "daraja, hapana",
karatasi imetoboka mahali hapo.
Pembeni ya tundu nimeandika:
ubao wa kumi, Saimi anishike.
Soksi za akiba, jozi mbili.