Visanduku Vitano

Niliwafundisha kupeana mkono:
usilegee, usibane, mtazame mtu machoni.
Niliwafundisha kuandika wasifu wa ukurasa mmoja,
ingawa maisha yao, miaka kumi na mitano,
hayajazi hata nusu.
Kisha nikawatawanya mjini, wiki moja,
kila mmoja na kazi yake.

Jumatano, Kajaani, naenda kumkagua Hilppa,
theluji ikinifika magotini,
fomu ndani ya koti isije ikalowa.

Fundi Veikko hakumwuliza swali hata moja
kati ya yale tuliyoyakariri darasani.
Hakuuliza anajiona wapi miaka mitano ijayo.
Aliuliza: umekula?
Akampa buti la askari wa zimamoto,
na kisu,
na kimya.

Sasa anabandika soli.
Gundi, ananiambia bila kuinua kichwa,
haimpendi mwenye pupa:
unaipaka, unaiacha ivute hewa,
unaijaribu kwa mgongo wa kidole.
Na huyu ndiye aliyekuwa akinichelewea kila asubuhi!

Fomu ina visanduku vitano.
Nidhamu. Mavazi. Mawasiliano…
Cha mgongo wa kidole hakimo.

“Nawe, mwalimu,” Veikko anauliza, misumari midomoni,
“umewahi kufanya kazi gani nyingine?”

Niliingia shule nina miaka saba.
Sijatoka bado.

Hilppa anasukuma kigoda kwa mguu, kinanifikia.
Nakaa.
Navua glavu.